Hesabu ya Wafu na Usalama wa Walio Hai

Yapasa wafe watu wangapi katika jimbo hata aliyelikimbia aaminiwe kwamba maisha yake yalikuwa hatarini? Swali hili huwakabili wote waamuao maombi ya hifadhi, na aghalabu hujibiwa kwa tarakimu. Huko Ujerumani, mahakama kuu ya mambo ya utawala iliona mwaka 2011 kwamba hatari ya kuuawa au kujeruhiwa ya mtu 1 katika 800 i mbali na kipimo cha kumpatia raia ulinzi. Tarehe 10 Juni 2021, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Waafghani wawili wa jimbo la Nangarhar, ilisema kwamba hesabu ya walioumia peke yake haitoshi kukata neno. Hali zote hazina budi kutazamwa.

Watu wa Songea wana sababu ya kuikubali hukumu hiyo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi wa Vita vya Majimaji, na makumbusho yao yako Mahenge. Lakini katika vita vile njaa, iliyoletwa kwa kuchoma mashamba na ghala, iliua watu wengi kupita risasi. Nkosi Chabruma alivuka Ruvuma kuingia nchi iliyotawaliwa na Wareno. Mtu ambaye angalihesabu milio ya bunduki mwaka 1907 angaliandika kwamba nchi imetulia. Ilitulia kweli, maana wengi walikuwa wamekwisha kufa au kuondoka.

Hilo ndilo kosa la hesabu ya wafu. Kijiji kilichohamwa hakina wa kuuawa. Kadiri watu wanavyokimbia, ndivyo idadi ya maiti inavyopungua, na idadi hiyo ndogo hushikwa kuwa hoja ya kuwakatalia wale wale waliokimbia. Hivyo busara ya mtu kujiokoa hugeuzwa ushahidi dhidi yake.

Wamsumbiji waliovuka mto huo huo kuja kwetu baada ya vita vya ukombozi kuanza mwaka 1964, ambao wengine walikaa Muhukuru, hawakupimwa kwa mizani hiyo. Mwaka 1969 mataifa huru ya Afrika yalipatana Addis Ababa kwamba mkimbizi ni pia yule aliyelazimika kutoka kwao kwa matukio yaliyovuruga vikali amani katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Idadi ya wafu haikutajwa.

Mtihani ulirudi upande wa mashariki wa mto. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, jimbo la Cabo Delgado limekuwa na vita. Palma ilipovamiwa Machi 2021, watu walikimbilia mpakani, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza mwaka huo kwamba maelfu walirudishwa kutoka Tanzania kupitia Negomano.

Mtetezi wa kurudisha ana hoja isiyofaa kudharauliwa. Oktoba 2020 wavamizi walivuka na kuua watu katika kijiji cha Kitaya, Mtwara. Na serikali ina wajibu wa kwanza kwa raia wake. Lakini hofu kwamba katika kundi yumo muuaji ni sababu ya kumhoji kila mmoja. Haiwi sababu ya kuwarudisha wote bila kuwahoji.

Hesabu na iitwe shahidi, kwani bila yake hukumu hufuata moyo wa hakimu. Lakini shahidi huulizwa maswali: nani hakuhesabiwa, na kwa nini idadi imeshuka? Shaka ikibaki, zipimwe gharama za kukosea. Tukimpokea asiyekuwa hatarini, tutapoteza chakula na ardhi kidogo, na kesho aweza kurudi kwao. Tukimrudisha aliye hatarini, hapana rufaa itakayomfufua. Kwa hiyo mzigo wa shaka auchukue mwenye nchi, aliye salama, wala asitwikwe aliyesimama ukingoni mwa mto.