Je, Kupasua Kifua ni Kubadili Alichoumba Mungu?

Katika mabaraza ya Lamu, tangu Mkomani mpaka Langoni, na hata ng'ambo Pate na Faza, limeingia siku hizi neno ambalo wazee wetu hawakulizungumza. Yasemwa kwamba wako watu wanaokwenda kwa madaktari wapasuliwe kifua, mwenye matiti yaondolewe, kwa kuwa katika nafsi yake hajijui kuwa ni mwanamke; na wengine hawajijui kuwa ni wanawake wala wanaume. Mwenye kusikia hutoa hukumu kabla kahawa haijapoa: huko ni kubadili alichoumba Mwenyezi Mungu. Na hapo maneno hukatika. Sisi twaona ya kuwa hapo ndipo yangepaswa kuanza, kwani hukumu isiyojulikana sababu yake ni taklidi tu, japokuwa imetangulizwa aya mbele yake.

Aya itajwayo ni ya 119 katika Suratun Nisaa, ambamo Shetani anaahidi kuwaamrisha watu wayakate masikio ya wanyama na wabadili alichoumba Mungu. Imamu Tabari, baada ya kuzitaja kauli za wafasiri, aliipa nguvu ile isemayo kuwa makusudio yake ni dini ya Mwenyezi Mungu, na humo akaingiza yaliyokatazwa, kama kuhasi na kuchora mwili kwa sindano. Basi aya yaturudisha kwenye swali lile lile: kilichokatazwa ni kipi, na kwa ajili gani? Lau kila kuugeuza mwili kungekuwa haramu, tungesema nini juu ya mama zetu wa Lamu, waliotogwa masikio tundu baada ya tundu, wakatiwa na kipini puani?

Hadithi ya Ibn Masud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, imewalaani wenye kuchora mwili na wenye kuchonga mianya ya meno kwa kutaka uzuri. Imamu Nawawi, naye ndiye nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, alipoisherehesha alisema kuwa kule kutajwa uzuri kuna maana yake: mwenye kufanya kwa haja ya dawa, au kwa kasoro iliyo katika jino, hana ubaya. Na Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua siku ya Kulab zama za ujahili, aliweka pua ya fedha, ilipoingia uvundo, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume. Arfaja hakuwa akifa kwa kukosa pua. Alichokosa ni kuweza kusimama mbele za watu.

Na juu ya kifua hasa, tusidhani kuwa ni jambo lililozuliwa na madaktari wa Ulaya. Tabibu Abul Qasim az-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki yapata mwaka 1013, katika juzuu ya 30 ya Kitab at-Tasrif aliweka mlango juu ya wanaume ambao matiti yao yamekua yakafanana na ya wanawake. Akaeleza jinsi ya kupasua: mkato wa mfano wa mwezi mwandamo, kutoka ncha moja hata ya pili, mafuta yatolewe, jeraha litiwe dawa, na ngozi ishonwe, na titi likiwa limelegea kwa ukubwa, ipigwe mikato miwili ikutane nchani, na ngozi iliyo kati iondolewe. Titi hilo halikuwa na saratani wala jipu. Kilichotibiwa ni dhiki ya mtu kuona kifuani mwake kisichomlingana.

Ndani ya vitabu vyetu vya fiqhi mna lililo zito kuliko hilo. Mafakihi wa Kishafi walipotafuta dalili za kumjua huntha, yaani aliyezaliwa na viungo vyenye kutatiza, walitazama njia ya mkojo, manii na hedhi. Wakaulizana: je, kuota ndevu na kukua matiti ni dalili? Kauli iliyo sahihi, kama alivyoipokea Nawawi, ni kuwa si dalili. Matiti hayamthibitishi mtu kuwa mwanamke, wala ndevu kuwa mwanamume. Na dalili za mwili zikikosekana huulizwa mwenyewe, akiisha kubaleghe na kuwa na akili, moyo wake waelekea wapi, na kauli yake hushikwa. Wala si kwa kuchagua atakalo, bali kwa kueleza akionacho ndani. Asiyeona kitu hubaki mushkil, labda umri wake wote. Sharia haikumfukuza: ilimpa safu yake msikitini, nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake, na katika mirathi akapewa fungu la yakini, na lenye shaka likawekwa.

Mpinzani atasema, na ana haki ya kusema: hayo ni ya huntha, nasi twauliza juu ya mwenye mwili usio na utata. Hatutaki kumficha msomaji. Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 1989, liliruhusu huntha atibiwe kwa upasuaji au kwa homoni, na likakataza mwenye viungo kamili kugeuzwa jinsia. Wengi wa maulamaa wa Kisunni wamesimama hapo. Mwaka uliotangulia Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliulizwa juu ya mwanafunzi wa udaktari wa Azhar aliyepasuliwa akawa mwanamke. Jibu lake liliruhusu upasuaji daktari mwaminifu akiona haja, wala si kwa matamanio tu, na kila upande ukalichukua kuwa ni hoja yake. Khomeini wa Iran alijuzisha, lakini huyo si wa madhehebu yetu; twamtaja ili ijulikane kuwa mas'ala yana khitilafu.

Walakini hukumu ya 1989 yasema juu ya kugeuza jinsia. Na ikiwa kifua si dalili ya jinsia, kwa kauli ya Mashafi wenyewe, basi aliyeondolewa matiti hajageuzwa jinsia. Ameondolewa kiungo, na kiungo huondolewa kwa haja. Wapo wanaojifunga vitambaa kifuani toka asubuhi mpaka usiku, hata mbavu zikawauma na pumzi zikawapungukia. Wapo wanaojitenga na watu, na wapo walioyachoka maisha. Nani ataipima dhiki hiyo? Ni mwenyewe na tabibu wake, kama mgonjwa aulizwavyo ikiwa aweza kufunga Ramadhani. Wala hatusemi kila aombaye akatwe. Titi lililoondolewa halirudi, na mwenye kutaka kunyonyesha baadaye ajue kuwa hilo limempita, makovu hubaki, na mtoto asiyebaleghe hana haraka hiyo. Haya yote ni mizani ya haja, na mizani haishikwi na mwenye kupita njiani.

Hata asiyekubaliana nasi, liko moja ambalo hatuoni njia ya kulikwepa. Nawawi amewataja wanaume wenye tabia za kike kuwa ni wa namna mbili: aliyeumbwa hivyo, naye hana lawama wala dhambi, na mwenye kujitia makusudi, naye ndiye aliyelaaniwa. Mjini mwetu jina la hanithi hutupwa juu ya wote wawili bila ya kuuliza, na watoto hulijua kabla ya kujua nguzo za udhu. Serikali ya Kenya, isiyodai kusoma fiqhi, iliwahesabu huntha 1,524 katika sensa ya mwaka 2019, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja watoto wa namna hiyo na haki zao. Sisi tuliorithi vitabu tumewaacha wende Mombasa na Nairobi wakajifiche. Safu yao msikitini imeandikwa tangu karne nyingi. Katika misikiti ya Lamu hatujaiona ikisimamishwa.