Uwekevu si Ubahili

Napenda leo tuzungumze juu ya mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: uwekevu na ubahili.

Kwa nje watu hawa wawili hufanana. Wote huvaa kanzu mpaka ikapauka, wote huzima taa ya chumba kisicho na mtu. Basi tofauti iko wapi? Iko hapa: mwekevu huibana nafsi yake, bahili hubana haki ya mwenziwe. Baba anayekataa kukopa ili harusi ya bintiye ishinde ya jirani, tusimwite bahili. Hakumnyima mtu haki yake.

Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kimo kisa cha Hind binti Utba. Alimshitakia Mtume (s.a.w.) kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na wanawe, ila atwae mwenyewe bila ya mume kujua. Mtume (s.a.w.) alimruhusu atwae kinachowatosha, kwa kadiri inayokubalika. Tazameni hukumu hii! Hakumwambia astahamili njaa ili mali ya mume iongezeke. Wala hakumwachia achukue apendavyo. Haki ilitolewa, na israfu ikazuiwa.

Nami nisijifanye mwema. Zamani nilimwita fundi aezeke makuti banda la chuo changu. Tulipatana ujira, lakini alipomaliza nikampunguzia, nikitafuta kasoro katika kazi isiyokuwa na kasoro. Nikarudi nyumbani nikijisifu kuwa nimeweka fedha. Mke wangu akaniuliza: "Maalim, umeweka zako au zake?" Nilikosa la kujibu. Asubuhi yake nikampelekea fundi baki yake, nikamtaka radhi.

Katika Sura ya Al-Furqan, Mwenyezi Mungu anawasifu waja wake ambao watoapo hawafuji wala hawabani, bali hushika njia ya kati. Basi, ndugu yangu, kabla hujajisifu kwa akiba yako, jiulize imetoka wapi. Ikiwa imetoka katika sahani yako, ni uwekevu, na utapata kheri yake. Ikiwa imetoka katika sahani ya mkeo, mzee wako, mtumishi wako au maskini anayengoja zaka, hiyo si akiba. Hilo ni deni, nalo litadaiwa siku ambayo mali haitafaa kitu.

Mwenyezi Mungu atukinge na israfu na ubahili. Amin.