Miparachichi Iliyosubiri Msimu wa Pili

Mwalimu mmoja mstaafu wa Njombe aliamua kutumia sehemu ya kiinua mgongo chake kwenye kilimo cha parachichi. Hakutaka kununua miche. Alitaka kuiotesha mwenyewe nyuma ya nyumba kwa mbegu za maparachichi ya kienyeji, kisha amwite fundi wa kubebesha aje kuweka vikonyo vya aina ya Hass. Mpango ulikuwa mzuri na mwalimu hakuwa mvivu. Kilichomponza ni viriba.

Mwaka wa kwanza alijiuliza kwa nini ahangaike na viriba vidogo wakati mche utakua tu. Akanunua mifuko mikubwa, ile inayowekewa miti ya mapambo getini, akaijaza udongo mzito wa shambani na samadi, akafukia mbegu moja moja. Akamwagilia asubuhi na jioni. Miche ikatoka, ikatoa majani yake ya kwanza mekundu-mekundu, halafu ikadumaa. Majani yakaanza kugeuka njano. Yeye akaona ni kiu, akaongeza maji.

Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hupotea. Mche mdogo una mizizi midogo, na mizizi midogo hunywa kidogo. Udongo ukiwa mwingi kuliko mizizi, maji yanayobaki hayana wa kuyanywa. Hukaa siku nyingi, hasa kule chini ya mfuko ambako hayaishi yote hata kama matundu yapo. Nafasi za hewa katikati ya chembe za udongo hujaa maji, na mzizi usiopata hewa hufa. Kwa parachichi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu yuko adui aitwaye Phytophthora cinnamomi, ambaye vijimbegu vyake huogelea katika maji ya udongo hadi kwenye ncha za mizizi na kuiozesha. Mparachichi mama wa Hass, ule uliopandwa California miaka ya 1920 na ambao Hass zote duniani zimetokana nao, ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa huohuo wa kuoza mizizi. Ule ulikuwa mti mzima wenye miaka mingi. Mche wa miezi mitatu uliosimama kwenye tope hauna nafasi kabisa.

Msimu uliofuata mwalimu alitumia viriba vyembamba na virefu kiasi, udongo mwepesi wenye mchanga na mboji. Safari hii mambo yalikwenda vizuri. Mashina yalipofikia unene wa penseli fundi alibebesha, vikonyo vikashika. Mvua za Desemba zilipoanza, miche ilikuwa tayari kabisa kwenda shambani.

Shamba ndilo halikuwa tayari. Kulikuwa na visiki vya kung'olewa na maneno ya mpaka na jirani. Kisha mtu akamwambia, "Mwalimu, usiwe na haraka. Mche mkubwa ndio wenye nguvu." Akasubiri mpaka mvua za mwaka uliofuata. Miche ikafika kiunoni, ikawa ya kijani iliyokolea, na kila mpita njia akaisifia.

Wakati huo mzizi mkuu ulikuwa umeshagonga plastiki ya chini na kupinda. Mizizi ya pembeni nayo, ilipokosa pa kwenda, ilizunguka ukuta wa kiriba mara nyingi kama kamba iliyoviringishwa. Mwalimu alichana plastiki, akatumbukiza donge lote la udongo shimoni jinsi lilivyo, akafukia.

Mwaka wa nne shambani miti ikabeba. Ndipo upepo ukalaza mmoja, wiki iliyofuata wa pili. Kiangazi mingine ikanyauka huku ya jirani ikisimama. Akamwita bibi shamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone msiba wangu."

Walipoufukua mti ulioanguka walikuta mizizi ingali na umbo la kiriba, sasa minene, ikikabana yenyewe kwa yenyewe. Mzizi uliojipinda utotoni haujinyooshi baadaye. Unanenepa katika mpindo uleule.

Kinachoniuma katika habari hii ni kwamba majani hayakusema kitu. Juu kulikuwa na afya tupu kwa miaka mitatu, na hasara ilikuwa imeshaingia zamani, kitaluni. Ndiyo maana sikubali kabisa desturi ya kuuza mche uliochakaa kwenye kiriba kwa bei ya juu eti kwa sababu ni mrefu.

Wakati wa kuhamisha unaujua kwa kutazama mizizi. Pasua kiriba kimoja. Udongo ukibomoka wote, mche bado ni mchanga, usubiri. Donge likishikana na ncha nyeupe zikianza kugusa ukuta, wakati umefika. Mizizi ikiwa imeanza tu kuzunguka, chukua kisu kikali, kata ile ya chini iliyopinda, chana pembeni mistari miwili au mitatu, kisha panda. Iliyojisokota na kuwa migumu kama ya mwalimu, usiipande. Na kama shamba halijawa tayari, hamishia kwenye chombo kilichozidi cha kwanza kwa vidole viwili hivi kila upande, si zaidi. Wiki mbili tatu kabla ya kupanda punguza kivuli na maji kidogo kidogo, upande jioni au siku ya mawingu, mvua zikiwa zimeshika, na pale kikonyo kilipoungwa pabaki juu ya ardhi.

Mwalimu aling'oa karibu nusu ya shamba na kuanza upya. Wewe unayekwenda kununua miche msimu huu, usitoe fedha kwa kutazama urefu. Mwombe muuzaji akupasulie kiriba kimoja mbele yako, na ukilipie hata kama mche huo utatupwa. Akikataa, nenda kitalu kingine.