Mkamuzi wa Mawese na Mtambo wa Povu

Kisa hiki ni cha mfano. Mhusika wake hana jina, kwa sababu kila mji ulio kando ya mto una mtu wa namna yake.

Katika komine ya Mikelenge, hapa Kindu, palikuwa na mkamuzi wa mawese. Alianza na pipa moja na mashine ya kukamua kwa mkono. Kazi ikamkubali, akaongeza mapipa, akaweka mashine ya injini, na mafuta yasiyouzika akayapikia sabuni. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zilifika kwa baiskeli kutoka vijijini tangu alfajiri. Lakini mafuta yalipozidi, maji machafu nayo yalizidi. Kiwandani, tani moja ya mawese hutumia tani 5 hadi 7 za maji, na zaidi ya nusu ya maji hayo hutoka yakiwa ya kahawia, ya moto, yenye uchachu, yamebeba mafuta, nyuzi na utomvu wa tunda. Mkamuzi aliyaelekeza mferejini, nao mfereji ukayafikisha mto Lualaba.

Waliosema kwanza ni akina mama waliokuwa wakifua upande wa chini. "Papa, nguo tunazitoa majini zina mafuta kuliko tulivyozileta." Baada yao akaja shefu wa mtaa, naye hakuzunguka: "Tengeneza maji yako, ama ufunge."

Mkamuzi hakuwa mkaidi, alikuwa na haraka tu. Alikuwa amesikia kwamba viwanda vikubwa husafisha maji kwa hewa: hewa huinua uchafu juu, uchafu hukwanguliwa, basi. Akanunua kompresa ya kujazia magurudumu, akatoboa mabomba, akayalaza chini ya tangi na kuwasha injini. Maji yakafoka kwa mapovu makubwa ya ukubwa wa ngumi. Kufika jioni mafuta hayakuwa juu wala chini. Yalikuwa yamesagika na kuenea tangi zima, na maji ya sabuni aliyoyachanganya humo yakayazuia yasitengane tena. Alikuwa amechoma mazuti kutwa nzima ili kuyaharibu zaidi maji yaliyokwisha kuharibika.

Hapo akaitiwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya migodini Katanga, akaja Kindu kwa watoto wake. Mzee akachungulia tangi, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, hewa unayo. Tatizo lako ni ukubwa wa mapovu."

Aliyajua anayosema. Kule Kolwezi, tangu zama za kampuni ya migodi ya Union Minière, shaba ya malakiti ilitengwa na mawe yaliyosagwa kwa kupuliza hewa majini, na dawa iliyoifanya shaba ishikamane na povu ilitengenezwa kwa mawese. Mafuta yanayomsumbua mtu Mikelenge ndiyo yaliyoinua shaba Kolwezi. Kwenye maji machafu kanuni haibadiliki, ila viputo vinavyotakiwa ni vidogo sana, vya mikroni 30 hadi 100. Hata kilicho kikubwa kuliko vyote hakizidi sehemu ya kumi ya milimita. Povu kubwa hupanda kwa kasi na kuvuruga kila linachokutana nacho. Kiputo kidogo hupanda polepole, hukishika kitone cha mafuta na kukibeba bila kukivunja.

Viputo hivyo havitoki kwenye bomba lililotobolewa kwa msumari. Huchukuliwa sehemu ya maji yaliyokwisha kusafishwa, yakashindiliwa hewa kwa shinikizo la bari 4 hadi 6 mpaka hewa iyeyuke ndani yake, kisha yakaachiliwa kwa vali chini ya tangi. Shinikizo likishuka ghafla, hewa iliyojificha hutoka yote kwa pamoja, kama gesi ya Fanta chupa inapofunguliwa. Tangi hugeuka jeupe, na baada ya dakika chache utando mzito wa mafuta huwa umetanda juu, ukingoja kukwanguliwa.

Mzee aliweka masharti mawili kabla ya kuunganisha bomba lolote. La kwanza, maji yapoe. Maji ya nyuzi 20 huyeyusha hewa takriban mara moja na nusu ya ile inayoyeyuka katika maji ya nyuzi 60. Ukiyaleta yakiwa yametoka jikoni, unalipia shinikizo na viputo huvipati. La pili, uchafu ukusanywe kwanza kwa dawa, kwa kuwa kiputo hakiwezi kubeba kitu kilichosagika mno.

Akapanga glasi sita juu ya meza, akazijaza maji ya mkamuzi yaliyopoa. Kila moja akaitia chokaa kidogo kupunguza uchachu, halafu shabu, akiongeza kipimo kutoka glasi hadi glasi. Akazikoroga haraka, kisha taratibu, akaziacha. Ya kwanza na ya pili zilibaki kahawia. Ya tatu ilianza kufanya mawingu. Ya nne ilikusanya uchafu wake wote kuwa punjepunje, na maji yaliyokuwa katikati yakang'aa. Ya tano na ya sita zikarudi kwenye ukungu, kwa sababu shabu ilizidi. "Hii ya nne ndiyo kipimo chako," mzee akasema. "Na ni cha leo. Ngazi zikibadilika, pima tena."

Mtambo ukajengwa, ukafanya kazi. Maji yakatoka meupe, akina mama wakanyamaza, shefu wa mtaa akaja kuona na kupongeza. Mzee alipoaga aliacha maagizo: jenga sakafu yenye paa ya kukaushia tope linalokwanguliwa, na chimba mabwawa ambamo maji haya meupe yatakaa majuma kadhaa kabla ya kwenda mtoni. Mkamuzi akayatazama maji yake yanavyong'aa, akaona mzee anamwongezea gharama. Tope akalitupa nyuma ya ukuta. Mabwawa hakuchimba.

Mvua kubwa ya kwanza ililichukua tope lote likaingia mtoni kwa siku moja, mafuta ya miezi mizima kwa mkupuo. Asubuhi nyingine, jirani mwenye bwawa la samaki, ambamo maji meupe yalikuwa yakipenya, aliamka akakuta tilapia wake wote wameelea. Hapakuwa na sumu. Palikosekana hewa.

Hili ndilo mkamuzi hakuliuliza. Hewa huinua kinachoelea au kinachoweza kufanywa kielee. Sukari na asidi za tunda zilizoyeyuka hazionekani kwa jicho, wala kiputo hakizishiki. Zikifika bwawani, vijidudu huzila, na katika kuzila humaliza oksijeni ya maji. Maji machafu ya mawese ambayo hayajaguswa huhitaji takriban miligramu 25,000 za oksijeni kwa kila lita, ilhali maji ya mto wa nchi ya joto yana miligramu 8 hivi tu. Maana yake lita moja inaweza kumaliza oksijeni ya lita zaidi ya 3,000. Tuseme mtambo umeondoa nusu ya mzigo huo: lita moja ya maji meupe, yanayong'aa, bado itakausha oksijeni ya lita 1,500. Nao samaki hufa alfajiri, kwa sababu usiku mimea ya majini haitoi oksijeni.

Mkamuzi akamlipa jirani fidia. Akajenga sakafu, akachimba mabwawa, safari hii katika masika, kwa bei ya vibarua wanaochimba matopeni.

Tusimcheke peke yake. Ukiufuata mto huu wa Lualaba hadi chini ya Kisangani unafika Lokutu, moja ya mashamba makubwa ya michikichi ya kampuni ya PHC, ambayo mizizi yake ni Huileries du Congo Belge ya mwaka 1911. Novemba 2019, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kwamba viwanda vya PHC vilikuwa vikimwaga maji machafu bila kuyasafisha, na kwamba huko Yaligimba, shamba jingine la kampuni hiyo, yalipita karibu na nyumba za wafanyakazi hadi kwenye bwawa ambako wanawake na watoto huoga na kuosha vyombo. Kampuni hiyo iliungwa mkono na benki za maendeleo za Ulaya. 

Na njia inajulikana. Malaysia iliviwekea viwanda vyake vya mawese kikomo cha miligramu 5,000 za oksijeni kwa kila lita mwaka 1978, ikakishusha hatua kwa hatua hadi 100 mwaka 1984. Vingi vilitii kwa mabwawa ya udongo, ambayo hayahitaji shinikizo wala mazuti. Kwetu sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 ipo, na inamgusa mwenye pipa moja kama inavyomgusa mwenye kiwanda.

Kwa hiyo, wewe unayekamua mawese, unayepika sabuni au kuchinja ng'ombe kando ya Lualaba, atakapokuja mtu kukuuzia mtambo wa hewa, muulize maswali matatu. Kipimo cha dawa kwa maji yangu ni kipi? Tope litakaa wapi? Kilichoyeyuka kitaondolewa na nini? Akishindwa hata moja, usitoe pesa. Chimba kwanza shimo la kutenga mafuta na mabwawa ya kupumzisha maji. Mtambo utakuja baadaye, ukihitajika. Wala usiridhike na maji kuwa meupe mpaka yamepimwa.