Matengenezo ya Barabara ni Deni, Si Sadaka

Mtoto wa Ujiji, mji wetu mkoani Kigoma, hufundishwa madrasa, hata kabla hajaweza kusoma gazeti, kwamba imani ina matawi mengi na tawi lake la chini kabisa ni kuondoa njiani kinachowaudhi wapitao. Mwalimu huifafanua hadithi hiyo ya Mtume kwa mwiba au jiwe, vitu ambavyo mtu mmoja huviokota, akavitupa kando na kuendelea na safari yake. Udhia wa barabara za mjini leo ni kalavati lililoziba, ni lami iliyomeguka ukingoni hadi bodaboda mbili hazipishani. Huo hauondolewi na mpita njia. Unataka greda, moramu, mhandisi na fungu la bajeti. Je, tawi lile la imani lilitutoka siku barabara zilipokabidhiwa serikali? Naamini bado tunalo sote, ila hukumu yake imebadilika: kilichokuwa hisani ya mtu mmoja sasa ni deni la umma, na deni hudaiwa.

Nasema deni kwa sababu fedha yake imeshalipwa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 1998 iliweka Mfuko wa Barabara, unaotunishwa na tozo ya kila lita ya petroli na dizeli, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Pampu haiulizi mafuta yanakwenda wapi. Mvuvi wa Ujiji anayenunua petroli ya injini ya boti, akafuate migebuka na dagaa usiku, hukatwa tozo ileile anayokatwa mwenye gari, ingawa chombo chake hakigusi barabara hata siku moja. Mama anayechuuza mawese, asiye na hata baiskeli, hulipa ndani ya nauli na ndani ya bei ya sabuni. Kwa hiyo njia inayopanda kutoka mwaloni kwenda sokoni haitengenezwi kwa huruma ya mtu. Mvuvi yule ameigharamia, na faida pekee anayoipata nchi kavu kwa fedha yake ni kufikisha samaki kwa mnunuzi kabla hawajaharibika. Njia ikifa, amelipa bure.

Wapo wenye nia njema wanaouliza kwa nini zaka isisaidie. Wanazuoni walio wengi walilikataa hilo zamani, kwa hoja kwamba zaka ni haki ya watu waliotajwa katika Qur'ani, na kwamba njia na madaraja hugharamiwa na hazina ya umma. Nawaunga mkono, maana barabara ikishaingia kwenye hesabu ya sadaka, anayeidai huonekana ombaomba.

Mfano ulio karibu zaidi ni wakfu. Mafakihi wakizungumzia mapato ya shamba au nyumba ya wakfu huanza na matengenezo: kwanza mali yenyewe ihifadhiwe, hata kama mwenye kuiweka hakulitaja hilo, ndipo wanufaika wapewe kinachobaki. Wakfu usiotunzwa hufa, na ukifa haki ya kila mmoja hukatika. Sheria ya Mfuko wa Barabara imefika palepale kwa njia nyingine: angalau asilimia 90 ya fedha iende kwenye matengenezo, na isizidi 10 kwenye maendeleo ya barabara. Waliotunga kifungu hicho waliwajua binadamu. Barabara mpya ina utepe wa kukatwa na jiwe la msingi lenye jina la mtu, na mtaro uliozibuliwa hauna hata kimoja. Nasi waumini tuna udhaifu huohuo, kwani msikiti mpya hupata wachangiaji upesi kuliko bati linalovuja la msikiti wa zamani. Kigoma Ujiji ina sababu ya ziada ya kuliogopa kosa hili. Ilikuwa miongoni mwa miji iliyopata lami kupitia mradi wa miji ya kimkakati, ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo ule utalipwa na Watanzania kwa miaka mingi, na lami ikitangulia kufa, watoto wetu watalipia barabara ambayo haipo.

Na lami hufa kwa maji kabla ya kufa kwa magari. Mvua za huku huanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Mei, na maji yote yanatafuta Ziwa Tanganyika. Mtaro ukijaa mchanga na mifuko, maji hupanda juu ya lami, yakalala ukingoni, yakapenya chini na kulainisha udongo unaoibeba. Nyufa ndogo hutangulia, zikishikana kama wavu. Kisha gurudumu la kwanza zito hubonyeza, kipande kinang'oka, na mvua inayofuata inalala ndani ya shimo. Kazi ya makoleo ya siku moja mwezi Septemba ingetosha. Baada ya hapo barabara huhama kutoka fungu la matengenezo ya kawaida kwenda la sehemu korofi, ambalo ni ghali zaidi na husubiri zamu.

Nani basi wa kudaiwa? Mwaka 2016 manispaa hii ilichaguliwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 duniani zilizojaribu kufungua taarifa zao chini ya Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi. Katikati ya 2017 Tanzania ikajitoa katika mpango huo, na Julai mwaka huohuo barabara za halmashauri zikahamia TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Sidai kwamba mambo hayo mawili yalipangwa pamoja. Nasema tu kwamba mwananchi alipunguziwa dirisha la kuchungulia wakati uleule mfuko wa fedha ulipotoka mikononi mwa diwani wake. Watetezi wa wakala wana hoja nzito: halmashauri nyingi hazikuwa na wahandisi wa kutosha, na fedha za barabara zilikuwa rahisi kuchepushwa. Nakubali. Hata hivyo, faradhi ya kutosheleza, ile inayowapasa waumini wote kwa pamoja, ina kanuni yake. Wachache wakiitimiza, wengine wamesalimika. Isipotimizwa, wote wana dhambi. Kumkabidhi mtu kazi ya kuosha maiti hakumfanyi maiti awe ameoshwa. Tunaolipa tozo tumekabidhi kazi, na dhima itatutoka siku kazi itakapofanyika.

Wengine wanahofu kwamba wakazi wakizibua mitaro wenyewe, serikali italala. Hofu hiyo ni ya kweli pale makoleo yanapochukua nafasi ya maswali. Mchanga na mifuko iliyo mbele ya mlango wangu ni yangu, na kuiondoa ni tawi lilelile la imani. Moramu na kalavati nimeshavilipia, na kuviulizia ni sehemu ya tawi hilo pia. Majirani Wakristo wana mafundisho yao ya uwakili yanayofika hapohapo, hivyo hakuna anayelazimishwa dini ya mwenzake katika jambo hili.

Hoja ya uhaba wa fedha ndiyo ngumu kuliko zote. TARURA ina mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000 na kwa miaka mingi imegawiwa asilimia 30 ya fedha za Mfuko, huku asilimia 70 zikienda TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, yenye takribani kilomita 36,000 ambazo hubeba malori mazito. Bajeti hiyo haitoshi barabara zote za Ujiji, na Mungu hamkalifishi mtu asichokiweza. Kwa sababu hiyohiyo mpangilio wa kipi kitangulie lazima usomwe hadharani katika mkutano wa mtaa, kabla ya mvua: barabara zipi zitachongwa, mitaro ipi itazibuliwa, kwa shilingi ngapi, na zipi zimeachwa mwaka huu na kwa nini. Mvuvi akielezwa kwamba njia yake imeachwa ili daraja la kata nyingine lisianguke, anaweza kuridhia. Asipoelezwa chochote, amedhulumiwa hata kama hesabu za ofisini ziko sawa.