Msimzamishe Mtoto wa Mwenzenu

Wanangu wenye boti, jambo hili nimelisema sana, na kuchoka kwangu hakunipi ruhusa ya kunyamaza. Wavu unapojisokota kwenye propela hapa Mto Kilombero, acheni kumwita kijana wa ukingoni na kumpa elfu chache azame akaukate. Maji yetu ni ya tope; akiingia haoni hata mkono wake, na mamba humfikia kabla hajajua. Mlipatana naye bei ya kazi. Roho yake haikuwamo katika mapatano.

Mto huu tunaujua. Januari 2016 pantoni ya MV Kilombero II ilipinduka humu, tukalia. Leo daraja limewaondolea abiria hofu ya pantoni, lakini ninyi wavuvi bado mko majini. Hofu yenu haijajengewa daraja.

Tena hakuna haja ya kuzama. Injini zenu ni za kupachika nyuma. Zimeni injini, pigeni kasia hadi ukingoni, vuteni boti nchi kavu, mbali na maji, ndipo muinyanyue injini. Chomoeni waya wa plagi, maana propela ikizungushwa kwa mkono injini yaweza kushtuka ikawaka, vidole vikaenda. Kisha fungueni propela mtazame shafti yenyewe. Uzi wa nailoni ukibaki pale hukata sili, oili ikavuja na maji yakaingia kwenye gia. Mkiona oili imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Kijana anayepapasa gizani angekata wavu, na uzi huo angeuacha.

Siikosoi kazi ya uzamiaji. Meli kubwa haiburutwi mchangani kila siku, na wapo waliosomea kazi hiyo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, mwaka 2018, wazamiaji walimtoa fundi wa injini akiwa hai baada ya siku mbili. Mkilazimika, tafuteni aliyefunzwa, mwenye vifaa na mwenzake wa kumwangalia kutoka juu. Na ufunguo wa injini akae nao huyo mwenzake mpaka mzamiaji atoke majini.

Wekeni botini kasia, kisu, spana na pini za propela za akiba. Gharama yake ni ndogo, msiba hauna kifani. Na maji ambayo wewe mwenyewe huthubutu kuyaingia, usimlipe mtoto wa mwenzako ayaingie.