Hadithi ya Mtoto ni Mkataba



Baada ya maombi ya Jumatano, mama mmoja wa kanisa letu alibaki nyuma akingoja wengine watoke. (Amenikubalia nisimulie, bila jina.) Amepata kazi ya nyumbani Saudi Arabia, mkataba wa miaka miwili. Mtoto wake wa miaka minne atabaki na nyanyake Mpeketoni. Akaniambia, "Pasta, watu wananishauri niondoke alfajiri akiwa amelala. Dada mwingine anasema nimtungie hadithi, mtoto wa ndani awe ni yeye mwenyewe, nimsimulie kila usiku mpaka azoee. Lakini nikitunga, si ni uongo? Na mimi nimeokoka."

Nilitaka kumjibu haraka, nikashindwa. Mimi mwenyewe nilishawahi kutunga hadithi kama hiyo na ikanirudia vibaya.

Mke wangu alipokaribia kujifungua mtoto wa pili, binti yetu alikuwa na miaka minne. Kila usiku nilimsimulia habari za msichana mwenye jina lake. Mamake anapanda boti hapa jeti ya Mokowe, anavuka kwenda Lamu, analala usiku mmoja, na kesho yake anarudi na mtoto mchanga. Punda lazima awemo. Punda ndiye aliyembeba mtoto kutoka hospitali mpaka kwenye boti, na hapo sikuruhusiwa kuruka hata neno moja.

Hadithi ilikuwa tamu. Lakini mke wangu alifanyiwa upasuaji, presha ikapanda, akakaa huko siku tisa. Siku ya pili binti akaniambia twende jeti tumpokee mama. Tukaenda, maana sikuwa na ujasiri wa kumwambia ukweli. Boti zikaja, watu wakashuka, magunia yakashuka, kreti za soda zikashuka. Tukarudi nyumbani. Siku ya nne hakutaka hadithi tena. Usiku huo tulipopiga magoti kuomba, akaniuliza: "Kwani Yesu pia alisema kesho?"

Ndiyo. Nilikuwa nimeweka hilo kwenye hadithi: Yesu amemwambia mama, kesho utarudi. Nani alinituma?

Chuoni nilisomea biashara. Huko kuna makadirio na kuna mkataba. Makadirio yakikosea, unawaeleza wenye mali na mnaendelea. Mkataba ukiuvunja, unadaiwa. Sasa mtoto wa miaka minne hajui makadirio. Kila unachomwambia kwake ni mkataba, na ukiweka jina la Mungu hapo chini, umemtia Mungu sahihi kwenye karatasi ambayo hakuiona. Ahadi ikivunjika, mtoto hatamdai baba peke yake.

Kwa hiyo nilimjibu yule mama kwamba kutunga si uongo. Nathani alimwendea Daudi na hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja, na hakuna anayemwita Nathani mwongo. Hadithi ile ilikuwa ya kutunga, lakini ilimwonyesha Daudi ukweli ambao alikuwa anaukwepa. Uongo wangu mimi haukuwa yule punda. Ulikuwa lile neno "kesho".

Na habari ya kutoroka alfajiri? Tumwangalie Yesu alipokuwa anawaacha wanafunzi. Pale Gethsemane walilala kweli, nafasi ya kuondoka kimya kimya ilikuwepo. Lakini alikuwa ameshawaambia mapema, mezani: naondoka, mtahuzunika, mtatawanyika. Petro akaambiwa mpaka habari ya jogoo. Yohana 14 inatoa sababu: aliwaambia kabla hayajatokea, ili yakitokea waamini. Mimi nilifanya kinyume. Nilitoa sehemu ngumu zote ili binti aamini, na zilipotokea ndipo akaacha kuamini.

Mzee mmoja wa kanisa aliposikia haya alinipinga. Alisema mtoto habebeshwi mzigo wa watu wazima. Ana haki, na nimekubaliana naye kwa sehemu. Mtoto hahitaji kujua deni la wakala, wala hofu tulizonazo kuhusu waajiri wa kule. Kunyamazia jambo ambalo haliwezi kumsaidia si sawa na kumwahidi jambo usiloliweza.

Hata nje ya kanisa wameliona hili. Mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, alianza mapema miaka ya 1990 kuandika hadithi fupi kwa watoto wenye usonji, kila moja ikimhusu mtoto husika na jambo linalomkabili. Mojawapo ya masharti yake ni kwamba habari iliyomo iwe sahihi.

Basi tukakaa na daftari, mimi, mke wangu na yule mama. Aliandika, "Mama atapiga simu kila siku." Nikamuuliza simu itakuwa mkononi mwa nani. Akanyamaza, akafuta, akaandika kwamba mama atapiga akipata nafasi, na siku nyingine simu haitalia, lakini mama hajakusahau. Aliandika, "Yesu hatakuacha ulie." Hiyo tulibishana kidogo. Mwisho ikawa: utalia, na nyanya atakushika, na Yesu yupo hapo unapolia. Miaka miwili mtoto haielewi, kwa hiyo tukahesabu Krismasi: mama anapanga kurudi baada ya Krismasi mbili. Neno "anapanga" mke wangu ndiye aliyesisitiza libaki. Analijua.

Mtoto naye, aliposomewa, alidai kuku wa nyanya aingizwe, kuku mweusi anayetaga chini ya kitanda. Ameingizwa.

Nimefikiria sana kuhusu Hana. Biblia haituambii alimweleza nini Samweli njiani kwenda Shilo. Tunaambiwa tu kwamba kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo. Lazima alikuwa anakisia kimo.

Nyanya ameshafika Mokowe tangu Jumapili, wanalala wote watatu. Basi la Mombasa ni Alhamisi asubuhi. Mtoto ataamshwa, avalishwe sweta, na atamsindikiza mamake mpaka stendi.